Nani Aliyemharamishia Mjamzito Yai?

Baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja anayetarajia mtoto wake wa kwanza alituuliza swali ambalo tumeona lisiishie barazani. Mkewe mjamzito amekatazwa mayai na wazee wa nyumbani. Ameambiwa kwamba akiyala, mtoto atazaliwa bila nywele, na pengine atakuwa mkubwa mno hata mama ashindwe kujifungua. Je, katazo hili lina msingi katika dini?

Jibu la dini ni fupi. Hakuna aya wala hadithi sahihi inayomkataza mjamzito yai la kuku. Kanuni ya wanazuoni ni kwamba asili ya vyakula ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Tena Surat al-Maida, aya ya 87, inawaonya waumini wasijiharamishie vizuri ambavyo Mwenyezi Mungu amewahalalishia. Na anayetaka mfano wa mama aliye katika uchungu wa uzazi asome Surat Maryam, aya ya 25 na 26: Bibi Maryam alielekezwa alitikise shina la mtende, ale na anywe. Hakuelekezwa kujinyima.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wazee wetu. Mwiko huu si wa Kinampanda peke yake wala wa Wanyiramba peke yao. Unasikika kwa makabila mengi ya nchi hii na nje ya nchi. Hofu iliyo ndani yake ni ya kweli, kwani uzazi mgumu umeua mama wengi pale ambapo hospitali ilikuwa mbali. Kosa liko katika sababu iliyotajwa. Nywele za mtoto ni urithi wa wazazi wake. Ama uzazi mgumu, moja ya sababu zake ni mama kuwa na nyonga nyembamba, na jambo hilo huonekana zaidi kwa mwanamke mfupi aliyedumaa tangu utotoni kwa kukosa lishe. Basi tutafakari: binti anayenyimwa yai leo ndiye mama wa kesho ambaye nyonga yake tunaiogopea. Mwiko unaotaka kumkinga na hatari unasaidia kuitengeneza.

Wataalamu wa lishe huzungumzia siku 1,000, yaani tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili. Katika siku hizo ubongo na mwili hujengwa kwa kasi isiyorudi tena. Mtoto akidumaa katika kipindi hicho, ni vigumu sana kufidia baadaye, na athari yake haiishii kwenye kimo; hufika darasani na katika nguvu za kufanya kazi ukubwani. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini iliyo bora, pamoja na vitamini A, vitamini B12 na kirutubisho cha kolini kinachohitajika katika ujenzi wa ubongo. Haya yote yamo katika kitu kinachotagwa uani petu.

Wapo watakaosema kwamba tatizo letu ni njaa tu, kwa kuwa mkoa wetu ni mkame na mvua zetu ni za msimu mmoja. Ukame ni kweli. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Na mkoa ulioongoza ni Iringa, unaosifika kwa mahindi, ambako ni takriban watoto 57 katika kila 100. Njombe na Rukwa ni takriban 50. Hiyo ni mikoa inayowalisha wengine. Ghala likijaa, tumbo litashiba. Lakini mwili wa mtoto haujengwi kwa ugali pekee.

Nasi hapa Iramba tuna nini? Tuna mtama, uwele, alizeti, karanga, kunde, choroko, mlenda na viazi vitamu. Tuna kuku ambao jina la Singida limepata sifa kwa ajili yao, nao hupanda mabasi kwenda Dodoma na Dar es Salaam. Mayai nayo hukusanywa, yakapangwa kwenye trei, yakaondoka. Hatumlaumu anayeuza, kwani sare za shule, madaftari na dawa hulipwa kwa fedha hiyo hiyo. Tunachouliza ni hesabu: zikiuzwa trei tatu, limebaki nini kwa mjamzito na kwa mtoto mchanga? Mara nyingi kilichobaki ni sembe iliyokobolewa mpaka ikapoteza kiini na pumba zenye vitamini na madini, pamoja na chai ya rangi. Na hata mboga zenye madini ya chuma zikiliwa pamoja na chai, sehemu kubwa ya madini hayo haifyonzwi mwilini. Kisha mjamzito huyo aliyekatazwa yai hununua udongo sokoni akautafuna, na hakuna anayemkataza, ilhali udongo hauongezi damu. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wanawake 45 katika kila 100 nchini wakiwa na upungufu wa damu.

Haki inatudai tusilifanye yai kuwa dawa ya kila kitu. Nchini Ecuador, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita walipungukiwa na udumavu kwa karibu nusu wakilinganishwa na wenzao. Utafiti wa namna hiyo ulipofanywa Malawi, haukuonesha tofauti kubwa ya kimo, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba watoto wa huko, waishio karibu na ziwa, tayari walikuwa wakila samaki kwa wingi. Somo tunalolipata ni kwamba yai husaidia zaidi pale ambapo chakula cha asili ya wanyama ni haba. Na kwetu ni haba.

Sasa ni wajibu wa nani? Aya ya 233 ya Surat al-Baqara, ambayo akina baba wengi huikumbuka kwa miaka miwili ya kunyonyesha, imeendelea hapo hapo kumbebesha baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha kwa wema. Hivyo baba anayekula nyama akamwachia mama na mtoto mchuzi, ajiulize anatekeleza nusu ipi ya aya hiyo.

Kwa hiyo tunanasihi yafuatayo. Kabla mchuuzi hajafika, yatengwe kwanza mayai ya mjamzito, ya anayenyonyesha na ya mtoto aliyevuka miezi sita. Kinachozidi ndicho kiuzwe. Yai lichemshwe mpaka liive sawasawa, na la mtoto lipondwe; akitoka vipele au akivimba, apelekwe zahanati. Kuku wanapoatamia na mayai yakakosekana, mlenda uungwe kwa karanga, uji utiwe dagaa waliosagwa, na kunde zisiachiwe wageni. Ugali uwe wa dona au wa mtama, na chai isogezwe mbali na mlo. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema na ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa. Aliyekatazwa chakula fulani na daktari kwa maradhi yake, huyo afuate ushauri wa daktari.

Kijana aliyetuuliza hatukumshauri agombane na mama yake. Wazee hawa ndio wenye kauli jikoni, nao wanawapenda wajukuu zao kuliko sisi tunavyoweza kuandika. Waelezwe kwa adabu, waende pamoja na wakwe zao kliniki, wasikie wenyewe. Siku mama mkwe atakapompelekea mkaza mwana yai lililochemshwa kwa mkono wake, mwiko utakuwa umekwisha bila ugomvi.

Wabillahi tawfiq.