Sanamu za Chokoleti na Jasho la Mkulima

Siku chache kabla ya Idi tulikwenda Kariakoo kununua mahitaji ya nyumbani. Msomaji aujuaye Mtaa wa Kongo katika siku hizo hahitaji kuelezwa: watu husukumana bega kwa bega, nguo zimetundikwa hata juu ya vichwa vya wapitao, na kila mwenye bidhaa huinadi kwa sauti yake. Tulipokwisha kununua tende, mchele na kanzu za watoto, tulimwita mchukuzi mwenye mkokoteni. Tukavutana naye kwa muda mrefu juu ya ujira, hata akakubali kwa shingo upande kile tulichotaka sisi.

Mwisho tuliingia duka la peremende, maana watoto walikuwa wametuusia tusisahau chokoleti. Humo tulimkuta kijana wa mtaani kwetu, mwanafunzi, akitazama picha katika simu yake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Watazama nini?"

"Natazama maonyesho ya sanaa, Maalim. Ni sanamu za watu zilizofanywa kwa chokoleti, na waliozifanya ni watu wa mashambani huko Kongo. Je, hii si israfu, chakula kugeuzwa sanamu?"

Swali lake lilikuwa zuri, wala hatukuwa na jawabu la papo hapo. Basi tuliketi naye barazani, tukayazuru kwa macho maonyesho tusiyoweza kuyafikia kwa miguu. Na habari zake ndizo hizi.

Magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uko mji mdogo uitwao Lusanga. Zama za Wabelgiji uliitwa Leverville, kwa jina la William Lever, tajiri wa sabuni wa Kiingereza, ambaye mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa haki ya kuvuna michikichi katika eneo kubwa mno la nchi ile. Mafuta ya mawese yalikwenda Ulaya yakawa sabuni na utajiri. Wachumaji walibaki na ujira mdogo, na wengi walitiwa kazini kwa nguvu.

Mwaka 2014 baadhi ya watu wa mashamba hayo walianzisha chama cha wasanii, kijulikanacho kwa kifupi kuwa CATPC, wakishirikiana na msanii wa Kiholanzi, Renzo Martens. Wao hufinyanga sura za watu kwa udongo wa kwao. Sura hizo hupimwa kwa mashine, vipimo vikapelekwa Amsterdam, na huko hufanywa kalibu ambamo chokoleti humiminwa. Hawakuichagua chokoleti kwa mchezo: kakao na mawese ni mazao yatokayo katika mashamba ya watu maskini yakaliwa kwa matajiri. Mwaka 2017 kazi zao zilionyeshwa New York, katika jumba la SculptureCenter. Na mwaka 2024 zilijaza jumba la Uholanzi katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, nchini Italia. Kwa fedha za mauzo wamenunua mamia ya ekari za ardhi iliyochoshwa na mashamba ya zamani, nao wanaipanda upya miti na vyakula.

Asidhani msomaji kuwa jambo hili ni la Kongo peke yake. Kwetu Tanzania kakao hustawi Kyela, mkoani Mbeya, na katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Mkulima hupasua tunda, akatoa mbegu zenye ute mweupe, akazivundika siku kadhaa chini ya majani ya migomba, kisha akazianika juani. Sehemu kubwa ya mbegu hizo husafirishwa ng'ambo. Bei yake hufuata masoko ya London na New York, ambako Desemba 2024 tani moja ilipita dola 12,000, kisha ikashuka. Naye mkulima hana kauli katika kupanda kwake wala kushuka kwake. Nasi hapa Kariakoo twanunua chokoleti iliyotoka ng'ambo, imevikwa karatasi ya kung'aa.

Sasa turudi kwa swali la kijana. Mintarafu ya sanamu za viumbe wenye roho, maulama wamekwisha kusema, na wengi wao wamezikataza. Wala hatuandiki ukurasa huu ili kuigeuza hukumu hiyo. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake. Ama kuhusu israfu, tulimjibu hivi: "Mwanangu, watu hawa wangeweza kutuambia habari yao kwa njia nyingine isiyo sanamu. Lakini habari yenyewe ni ya kweli, na haitupasi kuikataa kwa sababu ya chombo kilichoileta. Wanauliza: ninyi mnaokula utamu, je, mwamjua aliyeutolea jasho, na haki yake imemfikia?"

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Maalim, mchukuzi wako yuko juani tangu tulipokaa."

Tulipotazama, tulimwona ameegemea mkokoteni wake, akijifuta uso kwa kitambaa. Tuliona haya. Mtume wetu, s.a.w., ametuagiza kumlipa mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka. Nasi tulikuwa tukiwasikitikia watu wa Lusanga na Kyela, hali jasho lililo mbele ya macho yetu tumelipunguzia bei. Tulimwita kivulini, tukampa maji, na tulipofika nyumbani tulimlipa kile alichokitaja mwanzo, na ziada kwa kumchelewesha.

Basi, enyi wazazi, mtakapowagawia watoto chokoleti siku ya Idi, waelezeni imetoka katika tunda gani na mikono ya nani. Nanyi vijana, kabla ya kuwalaumu matajiri wa mbali, tazameni ujira wa mtumishi wa nyumbani, wa dobi na wa mchukuzi. Hao ndio haki yao imo mikononi mwetu leo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula kilicho halali, na kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.