Maradhi ya Umio Mlimani na Deni la Watafiti

Miongoni mwa maradhi yanayowateremsha watu wa Kilimanjaro hadi Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, ni machache yenye ukatili wa taratibu kama saratani ya umio, ule mrija unaochukua chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwani huanza pasi na maumivu, ugali ukakwama siku moja na siku ya pili ukapita, kisha zikakwama ndizi, kisha uji, na aghalabu ni pale mgonjwa anaposhindwa hata na maji ndipo jamaa zake wanapochangishana nauli, na tabibu akiingiza mpira wenye kamera hukuta uvimbe umekwisha kuziba njia. Hapo mkono wa tabibu huwa mfupi.

Maradhi haya hayakugawanywa sawasawa duniani. Upo ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi mashariki ya Afrika Kusini, ambamo yamekithiri, hali Afrika ya Magharibi ni nadra kuyaona; na kwa kuwa Kilimanjaro imo ndani ya ukanda huo, watafiti wa Moshi, wakishirikiana na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon, Ufaransa, wamejishughulisha miaka kadhaa kuuliza ni jambo gani katika maisha ya watu wetu linalouunguza umio.

Jibu moja limetoka katika kikombe cha chai. Mwaka 2015 Michael Munishi na wenziwe walichapisha matokeo ya kazi iliyofanyika hapa hapa mkoani, ambamo watu walipewa chai wainywe kama walivyozoea, na kipimajoto kikaonyesha kinywaji kilikuwa na joto gani wakati wa funda la kwanza: wastani ulikuwa nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na waliokunywa chai ya maziwa waliinywa ikiwa moto zaidi kuliko waliokunywa ya rangi. Aliyeamka alfajiri Kibosho au Machame, baridi ya mlima ikiwa bado imeushika mgomba, hatastaajabu. Maji, maziwa na majani huchemshwa pamoja katika sufuria moja, chai ikamiminwa ndani ya chupa isipoe, na kikombe kikapokewa kwa viganja viwili na kunywewa papo hapo. Mwaka uliofuata, 2016, shirika lile la Lyon likatangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 yumkini vinasababisha saratani ya umio; wala halikuilaumu chai wala kahawa, bali joto lenyewe.

Sasa ndipo yanapokuja mabishano. Wapo wataalamu wanaosema kwamba yumkini si yakini, na kwamba kuwaendea watu na habari isiyokamilika ni kuwatia hofu bure. Hoja yao haina upungufu wa akili. Utafiti wa namna hii huwalinganisha wagonjwa na watu wasiougua, ukiwauliza wote waliishije zamani. Na mgonjwa ambaye kila funda linamchoma huenda akaikumbuka chai ya ujana wake kuwa ya moto kuliko ilivyokuwa, au akawa amekwisha kuacha vya moto kabla hajaulizwa. Fauka ya hayo, sababu zimeshikana: pombe na tumbaku zimo, moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha unashukiwa, na huko Kenya hata meno yaliyoharibiwa na floridi ya maji, hali inayojulikana sana chini ya mlima wetu pia, yalionekana kufuatana na maradhi haya.

Walakini mimi naona kipimo cha yakini hakina budi kufuata uzito wa jambo linalotakiwa kwa mtu. Tukitaka kumpasua au kumpa dawa yenye madhara, na tungoje hoja iwe kamili. Lakini tunalotaka hapa ni kwamba aiache chai ipoe dakika chache, jambo lisilomgharimu senti wala kumvunjia mila, na upande wa pili wa mizani uko uchunguzi wa Eldoret, Kenya, uliochapishwa mwaka 2019, ambamo waliosema wanakunywa vya moto sana walionekana kuwa na hatari zaidi ya mara tatu ya wale wanaokunywa vya vuguvugu. Kunyamaza mbele ya mizani kama hiyo si hadhari ya kitaalamu, ni kumnyima mtu habari iliyopatikana kutoka katika kikombe chake mwenyewe. Na aambiwe kwa insafu, shaka ikitajwa kuwa shaka; bibi wa Marangu aliyeivisha mbege kwa ndizi, ulezi na msesewe tangu utotoni anajua kabisa kwamba jambo moja laweza kuwa na sababu nyingi.

Nasaha pekee, hata hivyo, haitawafaa waliokwisha kuunguzwa miaka 30. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, matabibu waliwapima watu wazima wasio na dalili yoyote kwa kamera, wakaunyunyizia umio maji ya ayodini, ambayo huitia ngozi yenye afya rangi ya hudhurungi na kuyaacha madoa ya ugonjwa yakiwa meupe. Na karibu mtu mmoja katika kila saba alikutwa na mabadiliko yanayoweza kutangulia saratani. Bomet si Moshi, na si kila doa hukomaa kuwa uvimbe, wala hatuna kamera na wataalamu wa kuupima mlima mzima. Lakini tungeweza kuanza na ndugu wa wagonjwa, na kumfunza mganga wa zahanati kwamba mzee anayesema chakula kinamkwama asipewe dawa ya vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi, bali aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo. Na kwa yule aliyechelewa, uko mrija wa nyavu za chuma unaojipanua ndani ya umio. Haumponyi, lakini humrudishia kumeza, naye akala na watoto wake katika siku zilizobaki.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ndiyo inayotoa vibali vya tafiti hizi. Ningeitaka iweke sharti kwamba kila mradi utakaochukua damu, meno au maneno ya watu wa mlimani utenge katika bajeti yake, tangu siku ya kwanza, fedha za kuyarudisha matokeo Rombo, Hai na Vunjo kwa Kiswahili, na fungu la kumtibu yule atakayegunduliwa mgonjwa wakati wa kuhesabiwa.