Baraka: Moteri inanguruma lakini chuma kimekufa. Tuache kuzika pesa za familia ndani ya kutu

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuta watu zaidi ya ishirini wamezunguka gari moja hapa Baraka, kwenye njia inayoteremka ziwani. Lilikuwa Subaru Impreza ya turbo, rangi ya buluu, usukani upande wa kuume. Kijana mwenye gari akakanyaga mafuta, moteri ikanguruma, watoto wakashangilia. Mama yake alisimama kando, kitenge mabegani. Yeye hakucheka.

Familia hiyo ni wahami. Wamepanga vyumba viwili, wako watu tisa. Kaka mkubwa, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania na sasa anaishi Marekani, aliwatumia dola 1,500 ili wajisimamie. Kijana ametoa 800 akanunua gari. Zimebaki 700, nazo ziko mikononi mwa mama. Kijana anazitaka zote ili aondoe kutu na kulitia gari barabarani. Mama anataka kukodi shamba na kulipa shule ya wadogo.

Waliponiona wakaniita. Mama akasema: “Mwandishi, redioni unatuambia tusidanganywe. Haya, sema na hapa.”

Sikusomea ufundi. Lakini kabla ya kuanza kozi ya uandishi wa habari nilikaa mwaka mzima garajini, nikiosha vyuma na kumshikia fundi taa chini ya magari. Niliyoyaona chini huko yananitosha kusema waziwazi: gari hili lisiokolewe. Naandika hapa kwa sababu si hili peke yake. Kila mwezi naona kijana mwingine akitoa pesa ya familia kununua gari la mbio lililooza, kwa neno moja tu: “Moteri iko nzima, kutu ni sura.”

Ndugu zangu, kutu si sura.

Kwanza nimtendee haki kijana. Impreza si gari la mchezo. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda nalo Safari Rally ya Kenya, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena na Subaru. Magurudumu yote manne yanavuta. Mtu aliyewahi kusukuma teksi kwenye tope kati ya Baraka na Fizi anaelewa kwa nini gari kama hilo linapendwa. Lakini gari la McRae lilikuwa na kundi la mafundi nyuma yake, na spea zikimngoja njiani. Wewe una fundi mmoja, turnevisi mbili na mwembe wa kivuli.

Sasa tuingie chini ya gari. Watu wengi hapa wamejifunza magari kwa Land Cruiser. Ile ina shasi, yaani vyuma viwili vinene vinavyobeba kila kitu, na karosri imekalishwa juu yake. Milango ikioza, bado unabeba magunia. Impreza haikujengwa hivyo. Karosri yenyewe ndiyo shasi. Sakafu, vizingiti vya milango, sehemu zinazoshika springi, vyote ni bati lililokunjwa na kuunganishwa. Bati hilo likioza, gari limevunjika mifupa hata kama ngozi inang'aa.

Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaipitisha kwenye karosri. Kwenye mlango ilinata. Juu ya gurudumu la nyuma ikaanguka chini. Nikairudisha, ikaanguka tena. Maana yake hapo hapana chuma, ni mastiki iliyopakwa rangi. Kisha nikachukua turnevisi, nikasukuma chini ya kizingiti cha mlango. Iliingia mpaka kwenye mpini, na matope makavu yakamwagika. Pale springi ya nyuma inaposhikwa, kutu ilikuwa inatoka kwa maganda kama kitunguu. Wale walioshangilia wakanyamaza.

Mmoja akasema: “Lakini ziwa letu halina chumvi, kutu itatoka wapi?” Ni swali zuri. Maji na hewa vinatosha kuleta kutu. Tope likikaa ndani ya kizingiti halikauki upesi, linakula usiku na mchana. Tena magari haya mengi ni ya mitumba kutoka Japani, na kule kuna sehemu za theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari linaweza kuwa limeanza kuoza kabla hujaliona. Na sisi tuna mafuriko yetu: Uvira mwezi wa nne 2020, kisha ziwa lilipopanda mwaka 2024. Gari lililolala ndani ya maji linakauka nje wiki moja. Ndani ya nyaya na ndani ya bati linaendelea kuoza miaka.

“Tutabandika bati,” akasema kijana. Hapo ndipo pesa zinapokufia. Huwezi kuchomelea chuma juu ya kutu. Ni lazima ukate mpaka ufikie chuma safi, na katika gari hili sijui ungeacha kukata wapi. Bati la gari dogo ni jembamba, chini ya milimita moja. Mchomeleaji wetu wa mageti, ambaye ni hodari kwa mageti, anaunguza tundu kubwa kuliko lile alilokuja kuziba. Akisahau kuondoa betri, anaweza kuua kompyuta ya gari pia. Unalipa, unapaka mastiki, unapaka rangi. Mvua ya pili inakuonyesha ulichonunua.

Na hiyo moteri mnayoisifu? Kunguruma si afya. Moteri ya turbo kama ile ilitengenezewa esanse ya nguvu nyingi. Hapa tunanunua kwa kadhafi, kwenye bidoni, na hujui imechanganywa na nini. Esanse dhaifu inawaka kabla ya wakati wake ndani ya moteri, na pistoni zinapigwa mpaka zinapasuka. Kuna pia mkanda unaoendesha vali. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni na safari inaishia hapo. Nilimuuliza kijana mkanda ulibadilishwa lini. Aliyemuuzia hakumwambia. Hata yeye hakuuliza, alikuwa anasikiliza mlio.

Najua nitajibiwa: “Mwandishi, kwetu kila kitu kinatengenezwa. Tungetupa kila kilichooza, tungebaki na nini?” Ni kweli, na sidharau hilo. Baiskeli, mashine za kusaga, moteri za mitumbwi, vyote vinaishi kwa mikono ya mafundi wetu. Mimi sisemi gari kuukuu litupwe. Nasema tuchague kwa akili. Kama sakafu, vizingiti na mashikio ya springi ni mazima, moteri mbovu isikutishe: moteri inatoka, nyingine inaingia. Kama kutu iko juu tu, ukikwaruza unakuta chuma kinang'aa, kwaruza, paka rangi ya kuzuia kutu, endesha. Lakini moteri nzima ndani ya bati lililooza ni sawa na kufunga mlango mpya kwenye nyumba ambayo mchwa wamemaliza nguzo.

Kijana alikuwa na neno moja la mwisho, na ndilo lililonigusa. Alisema: “Tulipokimbia, tulitembea kwa miguu siku tatu. Bibi alibaki njiani. Nimeapa hatutakimbia tena bila gari.”

Hakuna aliyecheka. Katika teritwari ya Fizi, nani hajui maneno hayo? Kwetu gari ni njia ya kumfikisha mjamzito hospitalini Nundu, na siku mbaya ni njia ya kuishi. Nilitafuta jibu, sikupata. Mama yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: “Papa, siku hiyo ikifika tutaingia tisa humo ndani. Watoto, magodoro, sufuria. Sakafu ikikatika huko porini, tutamwacha nani tena?”

Ndiyo hoja yangu yote, na mama ameisema vizuri kuliko mimi. Gari la kukimbilia ndilo lisilotakiwa kuwa na uongo ndani yake. Anayekupakia mastiki juu ya tundu hakuuzii gari. Anakuuzia siku utakayobaki njiani na watoto. Na sisi tunaosimama kando tukipiga makofi moteri inaponguruma tunamsaidia kuuza. Mimi pia nimepiga makofi siku nyingine. Naacha leo.

Basi Impreza ile ifanyweje? Ichinjwe. Nyumbani mbuzi aliyevunjika miguu yote hatumpeleki malishoni, na nyama yake hatuitupi. Moteri itolewe na kufunikwa vizuri, giaboksi, magurudumu, taa, vioo, viti, kila kimoja kitafutiwe mwenye Subaru aliye na karosri nzima. Wateja hawatakuja kesho, na dola 800 hazitarudi zote, nisimdanganye mtu. Lakini kitakachorudi ni cha familia, na zile 700 zitabaki mikononi mwa mama, zende shambani na shuleni.

Kijana alikasirika. Alifunga mlango kwa nguvu, kipande cha kutu kikaanguka chini, mdogo wake akakiokota. Jioni alinipigia simu, akaniomba nimwazime ile sumaku. Anasema kuna Carina moja kule Mboko, moteri imekufa, bei ndogo. Nimempa sumaku, na turnevisi pia. Nimemwambia alale chini ya gari kabla ya kukaa kwenye usukani.

Na wewe unayesoma au kusikiliza, mwenyeji au mhami, fanya hivyo hivyo. Sumaku ya spika mbovu haina bei. Itangulize kabla ya pesa.

Mwandishi wenu, Baraka.