Mkono unaotetemeka si wa mwizi

Wandugu wa Kamalondo, na ninyi jamaa mliokimbia vita mkapokelewa kwetu, leo nasema wazi: mzee anayetetemeka mkono si mwizi, si mlevi, wala si mlozi.

Juma hili nilikuwa kwenye mstari wa malipo hapa Lubumbashi. Tata mmoja alitia saini mara tatu. Kila mara herufi zilipungua, mwisho zikawa kama njia ya sisimizi. Kijana wa dirishani akamwambia: "Hii saini haifanane na ile ya ku karte. Rudia na mutoto yako." Nyuma watu wakacheka: lutuku hiyo! Tata akarudi nyumbani mikono mitupu.

Ugonjwa wenye dalili hizo unajulikana. Munganga Mwingereza, James Parkinson, aliueleza tangu 1817, nao ukapewa jina lake. Ndani ya ubongo, chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa polepole. Mkono unatetemeka, hatua zinafupika, mwandiko unakuwa mdogo. Basi saini iliyobadilika hivyo ni sababu ya kumtuma mtu kwa munganga, si ya kumfukuza.

Mtasema: ni uzee, hakuna la kufanya. Si kweli! Dawa ya levodopa haiponyi, lakini inasaidia mwili kujongea, na OMS imeiweka kati ya dawa za lazima. Mkono nao unafundishwa: kaye ya mistari mipana, biki nene, herufi kubwa zinazogusa mstari wa juu na wa chini, polepole, kupumzika kati ya neno na neno. Mistari inaupa ubongo alama ya kufuata. Mjukuu anayesoma anaweza kukaa na babu dakika chache kila siku, wakati dawa imeshika.

Wenye madirisha watajibu kwamba wizi upo. Ndiyo, upo. Basi chukueni alama ya kidole gumba! Kidole hakitetemeki hadi kigeuke cha mtu mwingine. Mpeni mzee kiti, mpeni wakati. Na ninyi mnaogawa msaada, kumbukeni: aliyekimbia vita pengine hana mtoto karibu wa kurudi naye. Kwake saini moja ni unga wa mwezi mzima.

Wachungaji, ombeni, lakini mpelekeni lopitali pia. Na sisi tuliocheka kwenye mstari, tuone haya.