Ng'ombe wa Katarikawe ni Watu

Wanaotuambia kila siku tutenge kazi ya msanii na maisha yake wanasahau kazi ya aina moja: picha ya mtu. Picha ya mtu ina mwenyewe. Dora Maar, ambaye Picasso alimchora akilia mwaka 1937, alikuwa mpiga picha hodari. Ndiye aliyepiga picha hatua kwa hatua Guernica ilipokuwa ikichorwa mwaka huohuo. Lakini muulize mwanafunzi yeyote hapa chuoni, atakuambia ni yule mpenzi wa Picasso, yule wa machozi.

Sasa tumtazame wa kwetu. Jak Katarikawe alizaliwa Kigezi, hakusoma shule, akawa dereva hapa Kampala. Miongoni mwa waliomshika mkono ni Sam Ntiro, mchoraji Mtanzania aliyefundisha Makerere. Baadaye alihamia Nairobi, na alifariki mwaka 2018. Walimpa lakabu ya Chagall wa Afrika, kwa nia njema nadhani, ingawa sijawahi kumsikia Chagall akiitwa Katarikawe wa Ulaya.

Alipenda kuchora ng'ombe, na ng'ombe wake hupendana. Wapo miongoni mwetu wanaosema hizo ni ndoto za mchungaji asiyesoma. Nakataa. Huko magharibi mwa Uganda kumlinganisha msichana na ng'ombe mzuri ni sifa. (Usijaribu Mombasa.) Katarikawe alikuwa akichora watu, pamoja na mapenzi yao, wivu wao na misukosuko ya nyumba zao, ila aliwavika pembe.

Hapo naona adabu ambayo Picasso hakuwa nayo. Mwanamke aliyekosana na mchoraji anaweza kupita mbele ya picha ya ng'ombe asinyooshewe kidole na mtu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa njia hii, maana leso hufanya hivyohivyo: husema lisilosemeka bila kumtaja jirani.

Mwenzangu mmoja alinipinga. Alisema fumbo humlinda pia anayelifumba, na asiyetajwa hawezi kujibu. Ana haki. Hadithi tunayoipata ni ya upande mmoja, upande wa mwenye brashi, na jambo hilo linanisumbua hadi sasa. Lakini Dora Maar alijulikana kwa jina, na je, alisikilizwa? Inasimuliwa kwamba aliziita picha zote alizochorwa na Picasso uongo, akasema hakuna hata moja iliyo yeye. Bado tunazisoma kama wasifu wake.

Ombi langu kwa wahadhiri ni dogo. Siku mtakapotuonyesha mwanamke yule anayelia, wekeni kando yake ng'ombe mmoja wa Katarikawe, kisha mtuulize ni nani aliyechorwa.