Kabla ya malumalu, tazama sakafu ya choo

Kiangazi ndiyo msimu wa ujenzi kwetu Singida. Alizeti imeuzwa, na fedha kidogo iliyobaki inatafutiwa kazi. Wiki hii nazungumza na mzazi anayetaka kukarabati choo na bafu kwa mikono yake.

Wengi huanza na malumalu ukutani. Zinapendeza, sikatai. Lakini ukitaka kujua kasoro ya choo chako, mtazame mtoto wako wa miaka minne. Kama anakwenda nyuma ya nyumba wakati choo kipo, huenda anaogopa tundu. Inzi wanaosambaza vikope, yaani trakoma, hupenda kuzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Hutua kwenye jicho lenye tongotongo, kisha huhamia kwa mdogo wake. Maambukizi yakijirudia miaka mingi, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho hadi upofu. Sisi wa mikoa ya kati ugonjwa huu si mgeni kwetu. Pale Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti wameufuatilia kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye sakafu. Si lazima ubomoe. Bamba dogo la zege la sentimita 60 kwa 60, mtindo ulioanzia Msumbiji, unaweza kulilaza juu ya sakafu ya miti na udongo. Kagua miti kwanza: ikiwa imeoza au imeliwa na mchwa, acha, mwite fundi. Tundu liwe jembamba, mfano wa tundu la ufunguo, mtoto asiweze kupita, na liwe na mfuniko wenye mpini.

Changanya saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto tatu, na maji yasizidi. Mawe tunayo, kokoto hazisumbui. Kinachowashinda wengi ni subira. Bamba linamwagwa asubuhi, linaachwa juani, keshokutwa linakanyagwa, mwezi ujao lina nyufa. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Linahitaji maji ili likomae. Limwage kivulini, lifunike kwa magunia yaliyolowa na ulimwagilie kila siku kwa siku saba.

Wapo wanaoniuliza kuhusu bomba la hewa. Linafaa sana, na upepo wetu huu tunaoulalamikia kwa vumbi ungevuta harufu bure. Ila bomba hilo linahitaji tundu lisilozibwa, chumba chenye giza kidogo na wavu juu wa kunasa inzi, tena liwe pana. Kwa mfuko mdogo, mfuniko unatosha.

Maji ya kuoga yasiingie shimoni, yatalijaza mapema. Yachimbie shimo lake, ulijaze mawe, au yaelekeze kwenye mpapai. Sakafu ya bafu iwe na mteremko na isisuguliwe ikateleza. Mama mjamzito na bibi wanaoga humo pia.

Mwisho, kibuyu chirizi: dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga na sabuni. Kifunge kwa kimo cha mtoto, si chako. Asubuhi anawe hapo uso pia. Na kama bado ni mdogo mno kwa tundu, mtafutie poti, na kinyesi ukimwage chooni siku hiyo hiyo.