Mwacheni Amalize

Mwezi uliopita, kwenye nyumba ninayopanga Mkonze, watu wawili waliacha kusalimiana kwa sababu ya sekunde arobaini.

Mmoja ni kaka wa bodaboda anayekaa chumba cha mbele. Mwingine ni dada mwalimu wa shule ya msingi, chumba cha pili kutoka kwangu. Kilichowagombanisha ni klipu ya msanii mmoja aliyehojiwa na chaneli ya mtandaoni. Kwenye klipu hiyo msanii anasema, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba mwanamke akishazaa hana tena cha kujivunia. Kaka akacheka, akairusha kwenye grupu la wapangaji. Dada akamjibu. Kaka naye akajibu. Kufika jioni maneno yalishatoka kwenye simu yakahamia uani, kwenye ndoo za maji, na wala hayakuwa tena yanamhusu msanii.

Mama mwenye nyumba akatoka kuuliza tunagombania nini. Tukamwambia ni kipindi.

"Kipindi gani? Kimeoneshwa kituo gani?"

Hakuna aliyejua. Watu wazima sita tumesimama pale, nusu wamenuna, na hakuna hata mmoja aliyejua jina la kipindi, aliyeuliza swali, wala swali lenyewe.

Usiku ule nikayatafuta mahojiano yenyewe. Yalikuwa ya saa moja na dakika ishirini. Nikayaangalia yote, na bando langu la wiki likaishia hapo. Yale maneno yalikuwemo kweli. Lakini kabla yake msanii alikuwa ameulizwa kuhusu dada yake aliyeachika, na alikuwa anarudia maneno ambayo shemeji yake aliyasema siku anaondoka. Sentensi iliyofuata ilikuwa ya hasira dhidi ya huyo shemeji. Aliyekata klipu alianzia baada ya swali na akaishia kabla ya hasira.

Asubuhi nikawaeleza. Kaka akasema, "Ah, ishapita hiyo." Dada akasema, "Sawa, msanii hakusema. Lakini huyu alicheka, nimemwona." Na hapo, kwa kweli, dada alikuwa na hoja. Klipu ilikuwa ya uongo, lakini ugomvi uliotokana nayo ulikuwa wa kweli, na mpaka leo haujaisha vizuri.

Nilipohamia nyumba hii, mwaka wa kwanza, Mama alikuwa na king'amuzi kinachofanya kazi. Taarifa ya habari ya usiku ikiisha, sisi wapangaji tuliruhusiwa kukaa sebuleni, wengine kwenye makochi, wengine kwenye mkeka, tukaangalia mazungumzo yoyote yaliyokuwepo. Mbunge, daktari, mwigizaji, shehe, yeyote. Hatukuwa tunachagua, rimoti ilikuwa ya Mama. Mtu akianza kubishana na skrini kabla mgeni hajafika mwisho wa sentensi, Mama alikuwa na neno moja tu: "Mwacheni amalize." Kipindi kikiisha ndipo tunachambua, na uchambuzi mwingine ulifika saa 6 usiku.

Mwaka jana king'amuzi kiliharibika. Hakuna aliyeona haraka ya kukitengeneza, kwa sababu kila mmoja alishakuwa na skrini yake mfukoni.

Najua nyumba yetu si ya kwanza. Kipindi cha mazungumzo cha usiku kiko kwenye hali mbaya karibu kila mahali. Marekani, ambako NBC ilianza kurusha The Tonight Show mwaka 1954 na Johnny Carson akakalia kiti chake miaka 30, mambo yamegeuka. Julai 2025 CBS ilitangaza kwamba The Late Show, kipindi kilichoanza na David Letterman mwaka 1993 na kurithiwa na Stephen Colbert mwaka 2015, kingefungwa Mei 2026. Kituo kilisema sababu ni pesa tu. Wengi hawakuamini, kwa kuwa siku chache kabla Colbert alikuwa ameisema hewani kampuni mama, Paramount, kwa kukubali kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Rais Trump. Inawezekana kabisa sababu zote mbili ni za kweli. Lakini hata tukiiweka siasa pembeni, hesabu imebadilika. Watu wanalala mapema, asubuhi wanaangalia vipande kwenye simu, na tangazo la biashara linawafuata hukohuko.

Kwetu mambo ni hayohayo, ila kwa njia yetu. ITV ilianza mwaka 1994, kwa hiyo televisheni Tanzania Bara bado ni kitu cha juzi tu. Vipindi vya mazungumzo vilipendwa na vituo kwa sababu gharama yake ni ndogo: viti, taa, na mtangazaji anayejua kuuliza. Mgeni anakuja kwa sababu ana albamu, filamu au jimbo la kunadi. Wakati Salama Jabir anaendesha Mkasi pale EATV, msanii aliyetaka nchi imsikie alikuwa na sababu nzuri ya kwenda kukaa kwenye kile kiti na kuulizwa asichopenda kuulizwa. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya kiti. Ulikuwa unalipia nafasi ya kusikika kwa kukubali kuulizwa.

Sasa mgeni ana kiti chake mwenyewe. Diamond Platnumz ana Wasafi, yaani televisheni na redio. Ambaye hana kituo ana ukurasa wenye wafuasi wengi kuliko watazamaji wa vituo vingine. Akitaka kutangaza wimbo anawasha simu akiwa kitandani. Hahitaji kuulizwa na mtu. Salama mwenyewe alihamia YouTube na mahojiano yake marefu ya Salama Na, na akafanya vizuri tu.

Kwa hiyo sisemi turudi sebuleni kwa Mama. Itakuwa uongo kusema kule kulikuwa peponi. Wageni wengi walikuwa watu wa Dar es Salaam wakizungumza mambo ya Dar es Salaam. Mkulima wa zabibu wa hapa Dodoma ungemwona kwenye habari za maonesho ya kilimo basi. Mwenzangu wa chumba anayesoma usiku hakuwahi kuona kipindi hata kimoja, leo anaangalia muda anaotaka. Na mahojiano ya mtandaoni mara nyingi ni marefu kuliko ya televisheni. Muda upo. Tatizo ni kwamba hatuukai.

Wala televisheni haikuwa salama dhidi ya mkasi. Sisi wa Dodoma tunalijua hili kuliko wengine. Januari 2016, nikiwa darasa la sita, serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Badala yake kungekuwa na kipindi kilichorekodiwa, Leo Katika Bunge, saa 4 mpaka saa 5 usiku. Sababu zilizotolewa ni gharama, na kwamba mchana watu wako kazini. Wabunge wa upinzani wakapiga kelele hadi polisi wakaingia ukumbini. Ukiangalia leo, ile ilikuwa klipu ya kwanza kubwa katika maisha yetu: siku nzima ya mabishano inakatwa na mtu usiyemjua, inabaki saa moja, unaletewa ukiwa na usingizi. Tofauti ni kwamba mwaka 2016 watu waligoma kukatiwa. Leo tunakata wenyewe, tena kwa hiari, na tunashea.

Kuna atakayesema mazungumzo ya moja kwa moja yana hatari zake. Ni kweli. Kenya, Novemba 2016, kipindi cha Jeff Koinange kwenye KTN kiliondolewa hewani baada ya mgeni mmoja kumtolea mgeni mwenzake wa kike maneno ya kumdhalilisha, na mtangazaji akalaumiwa kwa namna alivyoliendesha jambo lile. Mwaka uliofuata Koinange alikuwa Citizen TV. Lakini tazama jinsi hukumu ilivyopatikana. Watu waliona kilichotangulia na kilichofuata. Wakajua nani kasema, nani kanyamaza, nani alitakiwa kuzuia. Lawama ilikuwa na anwani. Klipu iliyogombanisha nyumba yetu haina anwani. Ningemlaumu nani? Akaunti yenye picha ya simba?

Mimi nasomea ualimu, na hapa ndipo jambo hili linaponiuma zaidi. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikuwa na kidato cha pili cha wanafunzi 63. Nikawapa mdahalo mwepesi: simu ziruhusiwe shuleni au zisiruhusiwe. Walizungumza vizuri mno. Wana maneno makali, wana mapozi, wanajua wapi pa kusimama ili wenzao wapige kelele. Kisha nikaweka sharti moja: kabla hujamjibu mwenzako, rudia kwanza alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndicho alichosema. Darasa likanyamaza. Wa kwanza alishindwa, wa pili alishindwa, wa tatu akaniambia, "Madam, mimi nilikuwa nawaza cha kumjibu." Ilituchukua vipindi vitatu kufika mahali ambapo sharti lile halikuwachekesha.

Sikuwacheka. Wametuiga sisi. Ingia grupu lolote la darasa letu hapa chuoni uone. Mtu anatuma ujumbe wa mistari kumi, anajibiwa mstari wa pili tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Serikali yetu ya wanafunzi imeweka kwenye mapendekezo ya bajeti fedha za podikasti ya chuo: chumba, taa za rangi, maikrofoni mbili na mtu wa kukata klipu za TikTok. Nia ni nzuri, siipingi. Ila nauliza: chumba kilichofungwa kina faida gani kwetu? Tutakuwa tumeongeza chaneli moja juu ya maelfu. Rais wa wanafunzi atajihoji na rafiki yake, sisi tutaona sekunde arobaini zinazompendeza.

Pendekezo langu ni la bei rahisi. Tutumie ukumbi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, viti viwili mbele, spika za ukumbi zipo, simu moja nzuri ya kurekodi. Mgeni mmoja kwa saa moja. Dakika arobaini anahojiwa, dakika ishirini ni maswali kutoka kwa waliokaa. Anayeuliza anaanza kwa kurudia alichokisikia, kama kidato cha pili changu. Rekodi iwekwe mtandaoni nzima. Anayetaka kukata klipu akate, hatutamzuia, lakini ile nzima iwepo mahali panapojulikana, ili mtu akiuliza "kituo gani?" apate jibu.

Na wageni wasiwe mastaa. Tuanze na afisa mikopo wetu, aeleze kwa saa nzima bumu linapita wapi kabla ya kutufikia, badala ya sisi kulaumiana kwa tetesi kila muhula. Aje mama anayetuuzia chakula, atuambie kwa nini sahani ya wali maharage imepanda. Aje mlinzi wa getini. Aje mhadhiri ambaye sauti yake ya sekunde chache ilisambaa mwaka jana, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anajibu nini.

Ombi moja kwa niaba yetu tunaopanga nje, hasa wasichana: tuanze saa 11 jioni, tumalize saa 12. Najua "kipindi cha usiku" kina ladha yake, lakini bodaboda ya Mkonze saa 4 usiku si bei ya mwanafunzi, na njia yenyewe mnaijua. Ladha ya usiku tuliyokuwa tunaipenda ilikuwa ya kukaa pamoja. Jua likiwepo haitapungua.

Jumapili iliyopita nilijaribu kidogo nyumbani. Nilimwomba Mama sebule, nikaegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai juu ya stuli, nikawaita wote waje kuona yale mahojiano kuanzia mwanzo. Dada mwalimu alikuja. Kaka wa bodaboda alikuja akasimama mlangoni, helmeti mkononi, kama mtu anayepita. Ilipofika ile sehemu ya shemeji, hakuna aliyesema kitu. Mama alitikisa kichwa tu.

Dakika ya 52 bando likaisha, msanii mdomo wazi. Kaka akaingia ndani, akatoa buku mfukoni, akaiweka juu ya stuli bila kumwangalia mtu. "Weka bando," akasema. "Amalizie."

Mapendekezo ya bajeti yanajadiliwa wiki ijayo kwenye bunge la wanafunzi. Mwakilishi wako unamjua. Mtafute, mweleze, na mwache naye akueleze mpaka mwisho.